Mvuto mfupi: kuvuta chuma kutoka juu ya sakafu ili dedilifti ikue

Dedilifti ni zoezi la kuinua chuma chenye uzito kutoka sakafuni hadi usimame wima; mvuto mfupi ni dedilifti isiyoanzia sakafuni. Chuma (fimbo ndefu inayobeba uzito) kinalazwa juu ya pini za raki (fremu ya nguzo zenye matundu), au sahani zake (vile vizito vya duara vya pembeni) zinakalishwa juu ya mbao, nawe unakivuta kutoka hapo hadi usimame wima. Kwa kuwa sehemu ya chini imeondolewa, wengi huweza kuinua mzigo mkubwa kuliko ule wanaoutoa chini, na hapo ndipo zoezi linapoharibika. Pini zinapandishwa juu ya magoti, sahani zinajazwa mpaka ncha za chuma, simu inarekodi, na miezi mitatu baadaye dedilifti ya sakafuni ipo palepale. Zoezi lenyewe halina kosa. Kosa ni kuchagua kimo kwa kuangalia mzigo unaotaka kuonekana ukiuinua badala ya kuangalia pale unaposhindwa.

Nani anafaidika

Nguvu hukua zaidi katika pembe zilezile za viungo ulizozifanyia kazi. Ukivuta kutoka juu ya goti, unapata nguvu ya juu ya goti, na kidogo tu ndiyo inayoshuka chini zaidi. Kwa hiyo mtu ambaye chuma hakimbandukii sakafuni kabisa asitafute dawa hapa. Huyo avute akiwa amesimama juu ya ubao wa sm 3 hadi 5, au avute mzigo wa wastani na kuusimamisha sekunde 2 pindi unapobanduka.

Anayefaidika ni yule ambaye chuma kinatoka chini vizuri kisha kinapunguza mwendo karibu na goti, au kinafika katikati ya paja na nyonga zinakataa kufunga, yaani kunyooka kabisa. Anafaidika pia mwenye mgongo wa juu unaokunjika mzigo ukizidi, kwa sababu mvuto mfupi unaulazimisha kushikilia uzito mkubwa bila miguu kuchoka kwanza. Na kuna kundi la tatu linalosahaulika: watu wasioweza kufika chini na mgongo ukabaki umenyooka, kwa sababu misuli ya nyuma ya paja imekaza au miguu ni mirefu kuliko kiwiliwili. Hao wanaanzia juu, kisha wanashusha kimo kidogo kidogo.

Ukiwa hujamaliza miezi sita ya dedilifti ya kawaida, au bado huinui mara moja na nusu ya uzito wa mwili wako, achana na haya kwa sasa. Bado kuna kilo nyingi za kuchuma sakafuni, na utazipata haraka zaidi huko.

Kujua mahali chuma kinapokwama

Usikisie. Weka simu ubavuni, usawa wa nyonga, umbali wa mita 3 hivi, uvute kutoka sakafuni mzigo wa asilimia 90 ya kiwango chako cha juu (mzigo mkubwa zaidi unaoweza kuuinua mara moja), rudio (uinuaji) moja moja, mara mbili au tatu. Kisha tazama video taratibu. Tafuta mambo mawili: ni wapi chuma kinapunguza mwendo, na ni wapi mwili unabadilika umbo. Mara nyingi si mahali pamoja. Chuma kinaweza kukwama sm 5 juu ya goti ilhali tatizo lilianza katikati ya ugoko, pale kilipoachana na mguu na kusogea mbele sm 4. Nyonga zinakuja kulipa deni hilo baadaye. Mtu wa namna hii akiweka pini juu ya goti atavuta vizuri sana, kwa sababu chuma kinaanza kikiwa kimegusa paja, na kosa lake halipati hata nafasi ya kutokea.

Kanuni tunayoitumia ni kuanza sm 5 chini ya mahali mwendo unapopungua. Hivyo unapita kwenye ugumu ukiwa tayari unasukuma, kama inavyotokea katika dedilifti yenyewe. Pini ikiwekwa palepale kwenye ugumu, unajifunza kuanzia mahali ambapo hutaanzia kamwe.

Vimo vitatu

Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sm 45, kwa hiyo zikikaa sakafuni katikati ya chuma huwa sm 22.5 kutoka chini. Hicho ndicho kimo cha dedilifti ya kawaida na vipimo vyote hapa vinahesabiwa kutoka hapo. Sasa, jimu nyingi za mtaani hazina sahani hizo. Kuna sahani ndogo za chuma cha kusubu, kuna gia za magari zilizochomelewa, kuna makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Sahani yako kubwa ikiwa na kipenyo cha sm 35, chuma chako kinaanza sm 17.5, yaani sm 5 chini ya wenzako. Kila siku umekuwa ukivuta dedilifti ya shimoni bila kujua. Ukiweka ubao wa sm 5 chini ya sahani hizo, hapo hujaanza mvuto mfupi bado. Umefika tu kwenye kimo cha kawaida. Pima kwa tepu kutoka sakafuni hadi katikati ya chuma, ukiwa na viatu utakavyovaa.

Kimo cha kwanza ni katikati ya ugoko: chuma sm 28 hadi 33 kutoka chini, yaani sahani za kawaida zikiinuliwa sm 5 hadi 10. Hiki kinafanana sana na dedilifti kamili na kinafaa kwa yule ambaye mgongo wake hupinda mwanzoni.

Cha pili ni chini kidogo ya goti, sm 3 hadi 5 chini ya ukingo wa chini wa kifuniko cha goti. Kwa mtu wa urefu wa wastani chuma huwa kati ya sm 38 na 43. Hiki ndicho chenye manufaa kwa watu wengi zaidi, na mtu akiuliza aanzie wapi bila maelezo mengine, tutamwambia hapo. Kina tabia moja inayoshangaza: baadhi ya watu, hasa wale wanaotegemea sana msukumo wa miguu, huinua hapo mzigo mdogo kuliko sakafuni. Miguu imeshanyooka karibu yote na kazi imebaki kwa nyonga na mgongo. Ukiwa mmoja wao usikate tamaa wala usipandishe pini, kwani umeshaona penye udhaifu.

Cha tatu ni juu ya goti, sm 3 hadi 5 juu ya kifuniko. Hapa mzigo huruka sana. Kina matumizi yake: kuzoesha mikono na mgongo wa juu uzito mkubwa, na kumfundisha mtu kufunga nyonga. Lakini kwa dedilifti ya sakafuni kina faida ndogo kuliko sifa zake. Katika mashindano ya mabaunsa wa dunia kuna tukio linalofanana na hivi vimo vya juu, chuma kikiwa inchi 18 kutoka chini, kama sm 46. Mwaka 2020, kwenye World's Strongest Man huko Bradenton, Florida, Oleksii Novikov wa Ukraine aliinua kilo 537.5 kwa mtindo huo. Mwaka huohuo, tarehe 2 Mei, Hafþór Björnsson aliinua kilo 501 kutoka sakafuni kwao Iceland, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Ni mashindano mawili tofauti, na hakuna anayejiandaa kwa moja kwa kufanya lingine peke yake.

Pini au mbao?

Vyote vinafaa ila havifanani. Chuma kikilazwa juu ya pini, kinashikwa karibu na katikati huku sahani zikining'inia nje, kwa hiyo ncha zimeshainama kabla hujagusa kitu. Ukivuta, mzigo wote unakujia kwa ghafla. Sahani zikikaa juu ya mbao, chuma kinapinda kidogo katikati kwanza, kisha sahani zinabanduka, kama sakafuni. Mwenye nafasi ya kuchagua achague mbao. Tena pini zinakula chuma: ukikiangusha juu yake kila siku, kinapinda palepale pini zilipo, na chuma kilichopinda hujigeuza mikononi unapovuta. Kama jimu ina chuma kimoja kizuri na kimoja kibovu, cha pini kiwe kile kibovu.

Mbao za kukalia sahani zinatengenezeka kirahisi. Chukua mbao ngumu zenye unene wa sm 5 na upana usiopungua sm 30, ukate vipande vya urefu wa sm 45, vinne kila upande. Vikipangwa kimoja, viwili, vitatu au vinne, unapata sm 5, 10, 15 na 20. Kipande cha juu pigilia vijiti vyembamba vya sm 2 mbele na nyuma ili sahani isibiringike. Ukitaka hatua ndogo zaidi, plaiwudi ya mm 18 kwa kipande kimoja inatosha. Tofali za saruji usizitumie hata kama zimejaa uani: zenye matundu hupasuka bila onyo, na upande mmoja ukishuka ghafla mwili unajikunja ubavu ukiwa umebeba mzigo. Matairi ya gari yanatumika na wengine, lakini yanabonyea kulingana na uzito, kwa hiyo kimo cha kilo 80 si kimo cha kilo 160, na yanarusha chuma juu kila rudio.

Ukimpa fundi wa kuchomelea kazi ya raki, mwambie mambo haya. Nguzo ziwe bomba la mraba la inchi 2 kwa 2, unene wa mm 3 au zaidi. Matundu yawe kila sm 5, na yatobolewe kwa kupimia kutoka chini katika nguzo zote nne, si kila nguzo kivyake. Pini ziwe chuma mviringo kilichojaa, kipenyo cha mm 25, zipite nguzo ya mbele na ya nyuma na kutokeza pande zote mbili. Nondo ya mm 12 au 16 si pini, itapinda. Juu ya pini, ukiweza, funga kipande cha mpira wa tairi. Pini zikiwa tayari kila mara hesabu matundu kushoto na kulia kabla ya kupakia. Tofauti ya tundu moja inaonekana kama jambo dogo hadi unapovuta.

Tundu la juu likiwa juu mno na la chini likiwa chini mno, usibadilishe pini, badilisha sakafu. Simama juu ya plaiwudi au mkeka mgumu wa sm 2 na chuma kimeshuka sm 2. Simama imara, pawe na nafasi ya miguu yote miwili, na visitumike vitu laini.

Jinsi ya kukaa kwenye chuma

Hapa ndipo zoezi linafanikiwa au linapotea. Kishawishi ni kuchuchumaa: kushusha nyonga, kusukuma magoti mbele chini ya chuma, kisha kusimama nacho kama mtu anayenyanyua gunia. Utainua kilo nyingi kwa namna hiyo. Hakuna hata moja itakayokufuata sakafuni, kwa sababu chuma kikiwa chini ya goti katika dedilifti yako, magoti yako hayakuwa mbele, yalikuwa yamerudi nyuma.

Namna ya kupata mkao ulio sahihi ni kuutafuta ukitokea juu. Weka mzigo mwepesi, kama asilimia 40. Simama nao wima. Sasa rudisha nyonga nyuma kwanza, chuma kikiteleza kwenye mapaja, na kunja magoti tu kinapoyakaribia. Kikitua juu ya pini au mbao, usisogee. Hapo ulipo ndipo unapoanzia. Mtu mwingine akupige picha ya ubavuni, kisha ulinganishe na video yako ya sakafuni ukiisimamisha chuma kikiwa kimo kilekile. Zikifanana, endelea.

Ukiutazama mkao huo utaona: chuma kiko juu ya katikati ya wayo na kimegusa ugoko au kimebakiza nusu sentimita; ugoko umesimama karibu wima; magoti yamekunjwa kidogo tu; nyonga ziko juu kuliko ulivyotarajia; mabega yametangulia chuma sm 2 au 3; mikono imenyooka kabisa; shingo imefuata mgongo, macho yakitazama sakafu mita 2 mbele. Misuli ya nyuma ya paja inavutika hadi inauma kidogo. Isipovutika, umechuchumaa.

Kisha unajifunga. Vuta pumzi hadi tumboni, si kifuani, ubane tumbo kana kwamba unasubiri ngumi. Bana makwapa kwa nguvu, kama mtu aliyeficha gazeti chini ya kila kwapa asitake lianguke. Hilo linakaza mabawa ya mgongo na kukizuia chuma kisisogee mbele. Halafu vuta taratibu bila kuinua, mpaka usikie chuma kimegonga tundu la sahani na mikono imekuwa kamba. Kwenye pini hatua hii inahitaji subira zaidi, maana hakuna mpindo wa kukuonya. Sekunde moja inatosha. Anayerusha mikono kwa ghafla hapa huumia kiwiko au mgongo.

Kuvuta, kufunga, kurudisha

Sukuma sakafu kwa miguu na kupeleka nyonga mbele kwa wakati mmoja. Chuma kinateleza kwenye ngozi au suruali hadi juu; kikiachana na mguu hata sm 2, rudio hilo halina thamani. Maliza ukiwa umenyooka: magoti yamenyooka, makalio yamebanwa, mabega nyuma kidogo. Usiegemee nyuma. Kuegemea kunahamisha mzigo kwenye vifundo vya mgongo wa chini, tena mzigo mkubwa kuliko ule mgongo wako uliouzoea.

Kuna tabia nyingine inayozaliwa kwenye vimo vya juu: kukalisha chuma juu ya mapaja, kuchomeka magoti chini yake, na kukipandisha kwa vishindo vidogo vidogo. Katika mashindano ya shirikisho la kimataifa la kunyanyua uzito kwa nguvu, IPF, kukitegemeza chuma kwenye mapaja hivyo ni kushindwa, hata kama ulisimama. Ukianza kufanya hivyo mazoezini, punguza kilo 10 siku hiyohiyo.

Rudisha chuma kwa njia kilichopandia: nyonga nyuma, kisha magoti. Kitue, kitulie kabisa, sekunde moja. Jifunge upya, pumzi mpya, rudio linalofuata. Wanaogongesha chuma kwenye pini na kudaka mrusho wanajinyima sehemu ile waliyokuja kuijenga, yaani kuanzisha mwendo kutoka kwenye kitu kilichosimama. Pia wanaharibu pini za watu.

Mshiko na mikanda

Mzigo wa juu ya goti karibu kila mara unazidi uwezo wa vidole. Kamba za mkononi, zile zinazofungwa kifundoni na kuzungushwa kwenye chuma, zinaruhusiwa hapo, na tunashauri zitumike, kwa kuwa lengo ni nyonga na mgongo. Kwa vimo vya chini, fanya seti (mafungu ya marudio) za mwanzo bila kamba na seti ya mwisho nazo. Anayejiandaa kwa mashindano ya IPF akumbuke kuwa kamba haziruhusiwi huko, kwa hiyo mvuto mfupi usiwe mahali pa kukimbilia udhaifu wa vidole. Chaki ya magnesiamu inasaidia sana kwenye joto la pwani. Chaki ya ubaoni haifanyi kazi hiyo, inateleza ikilowa jasho.

Mshiko mchanganyiko, kiganja kimoja mbele na kingine nyuma, una hatari yake kwenye mizigo mikubwa: mkono uliogeuzwa ukikunjwa kidogo kiwikoni, msuli wa mbele wa mkono unaweza kukatika pale unaposhikana na mfupa. Kwenye mvuto mfupi tumia viganja vyote kuelekea nyuma pamoja na kamba, hata kama sakafuni unatumia mchanganyiko.

Mkanda uvae kuanzia asilimia 85 kwenda juu. Ukae juu kidogo ya mifupa ya nyonga, na uwe na nafasi ya kuingiza kidole kimoja. Kwa kuwa kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa kasi, mwenye tatizo hilo, au mwenye ngiri, aongee na daktari kabla ya kugusa mizigo hii.

Mzigo na mpangilio wa wiki

Asilimia zote hapa ni za dedilifti yako ya sakafuni, si za mvuto mfupi. Usipime kiwango cha juu cha mvuto mfupi. Hakina kazi, na ndicho kinachoumiza watu.

Tuchukue mtu anayeinua kilo 140 sakafuni na anakwama usawa wa goti. Kimo chake ni chini ya goti. Siku ya mvuto mfupi ni moja kwa wiki, na siku nyingine, angalau siku tatu baadaye, anavuta kutoka sakafuni seti 4 za marudio 3 kwa kilo 105 hadi 112.5, kwa kasi na ufundi. Siku ya sakafuni haifutwi. Wengi huifuta, wakaja kugundua mwezi wa pili kwamba wamesahau kutoa chuma chini.

Wiki ya 1 anafanya seti 3 za marudio 5 kwa kilo 105. Ataona ni mzigo mwepesi, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu wiki hii ni ya kutafuta mkao. Wiki ya 2 ni seti 3 za 5 kwa kilo 112.5. Wiki ya 3 ni seti 4 za 3 kwa kilo 122.5. Wiki ya 4 anashuka: seti 2 za 5 kwa kilo 95, halafu aende nyumbani. Wiki ya 5, seti 3 za 3 kwa kilo 130. Wiki ya 6, seti 3 za 2 kwa kilo 137.5. Wiki ya 7 hakuna mvuto mfupi. Anafanya mazoezi mepesi ya sakafuni, na mwisho wa wiki ya 8 anapima sakafuni. Kati ya seti nzito anapumzika dakika 3 hadi 5, dakika kamili za saa, siyo za mazungumzo.

Kabla ya seti za kazi anapasha misuli moto sakafuni: chuma kitupu marudio 10, kilo 60 marudio 5, kilo 80 marudio 3. Kisha anahamia kwenye mbao na kufanya rudio 3 kwa kilo 90, na ikiwa siku ni nzito, rudio 1 kwa kilo 115. Kuanzia sakafuni kunaukumbusha mwili mkao, na kunakuonyesha mapema kama mgongo leo haujaamka vizuri.

Anayefanya kimo cha juu ya goti aanze kwa asilimia 100 na asizidi asilimia 120, seti 2 za marudio 3 hadi 5, mara moja kila wiki mbili. Zaidi ya hapo uchovu unaubeba mgongo hadi siku ya skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani), nayo inaharibika.

Kuna njia nyingine, ya kushusha kimo badala ya kupandisha mzigo. Ni ya zamani: Paul Anderson wa Marekani, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1956 huko Melbourne, anasimuliwa kuwa alichimba shimo la kusimama ili achuchumae kidogo na mzigo mkubwa, kisha akawa analijaza udongo polepole ili kina cha kuchuchumaa kiongezeke. Kwa dedilifti unafanya hivi: weka asilimia 95 juu ya mbao za sm 20, seti 3 za 3. Ukizimaliza kwa mkao mzuri, wiki inayofuata toa plaiwudi moja, takriban sm 2. Ukishindwa, rudia kimo hicho, usipunguze mzigo. Kwa wale wenye misuli ya nyuma ya paja iliyokaza, njia hii tunaipenda kuliko ile ya kwanza, ila waanze na asilimia 70 na kushuka sm 2 kila wiki mbili.

Yanayoharibika, na sababu zake

Mgongo wa chini ukiuma siku ya pili kama misuli iliyofanya kazi, pande zote mbili sawa, ni kawaida kwa wiki mbili za mwanzo. Ukiuma upande mmoja, angalia pini au mbao zako kabla ya kujichunguza wewe: mara nyingi upande mmoja uko juu zaidi, au sakafu ya jimu imeinama. Maumivu yakishuka kwenye kalio na mguu, au yakija na ganzi, acha kuvuta na uende hospitali.

Mkao ukiwa mzuri rudio la kwanza na mbaya la tatu, tatizo ni kurudisha chuma. Kinatua sm 3 mbele ya pale kilipoanza, nawe unavuta kutoka hapo bila kujisogeza. Chora mstari wa chaki juu ya mbao au pini, sahani ziukanyage kila zinapotua.

Chuma kikibiringika kwenye pini unapojifunga, raki haijasimama sawa. Weka kibapa cha mbao chini ya nguzo za upande ulioshuka. Sahani zikilia na kusogea nje, ni kwamba hukuweka vibanio. Kwenye mvuto mfupi vinalegea haraka kuliko kawaida kwa sababu ya mtikisiko wa pini, kwa hiyo vikaze kila baada ya seti.

Mabega yakisongwa mbele na mgongo wa juu ukipinda ilhali wa chini umenyooka, mzigo umezidi uwezo wa mabawa. Shuka asilimia 10 na uongeze zoezi la kuvuta chuma kuelekea tumboni ukiwa umeinama, seti 4 za 8, siku ya sakafuni. Nyonga zikipanda haraka mwanzoni na kuacha chuma palepale, ulianza na nyonga chini mno. Rudia ule mkao wa kutokea juu.

Na ikiwa wiki 8 zimepita, mvuto mfupi umepanda kilo 20 na wa sakafuni haujasogea, rudi kwenye video ya kwanza. Ama kimo ulichochagua kilikuwa juu ya tatizo, ama ulikuwa unachuchumaa. Shusha kimo sm 5, anza upya na asilimia 75, na mtu mwingine akurekodi kila seti ya mwisho. Kilo zikipanda sakafuni, fanya mzunguko mmoja tu zaidi, kisha uache mvuto mfupi kwa miezi miwili au mitatu ukae na dedilifti kamili.